UZI: Mauzo ya mtandaoni kwenye ritani ya kodi. Pesa iliyoingia benki siyo mapato yako

Mkokotozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, msimu wa ritani ukikaribia swali ni lilelile: niandike kiasi gani? Wauzaji wengi hufungua taarifa ya benki, hujumlisha kila kilichotumwa na jukwaa (tovuti au programu wanayouzia), na jumla hiyo ndiyo wanayoiweka kwenye mstari wa mauzo. Kosa linaanzia hapo. Kinachofika benki ni masalia. Jukwaa limeshakata kamisheni, ada ya malipo, matangazo, lebo za usafirishaji na pesa zilizorudishwa kwa wateja, na pengine limezuia kiasi kama dhamana. Mapato ni kile alicholipa mteja kabla ya yeyote kuchukua chake.

Tutumie mwezi mmoja wa duka la mfano, kwa fedha yoyote mnayotumia. Wateja wamelipa 1,000,000. Ndani yake bei ya bidhaa ni 840,000, usafirishaji waliotozwa ni 90,000, na kodi ya mauzo ambayo jukwaa limekusanya na kuipeleka lenyewe serikalini ni 70,000.

Jukwaa limekata hivi:
kamisheni 100,800
ada ya kupokea malipo 29,000
matangazo 36,000
lebo za usafirishaji 78,000
marejesho kwa wateja 42,000
kodi iliyopelekwa serikalini 70,000
zuio la dhamana 50,000

Benki imepokea 594,200. Ritani sahihi haina mahali popote panapoandikwa 594,200. Mapato ni 840,000 na 90,000 ukitoa marejesho 42,000, yaani 888,000. Gharama za jukwaa ni 243,800 (kamisheni, ada, matangazo na lebo). Inabaki 644,200 kabla ya kutoa gharama ya bidhaa zenyewe na matumizi mengine. Tofauti ya 644,200 na 594,200 ni ile 50,000 iliyozuiwa. Hiyo bado ni mali yako, haijapotea wala siyo gharama.

Ile 70,000 haiingii kwenye mapato yako kwa sababu haikuwa yako tangu mwanzo. Lakini sharti uweze kuonyesha kwamba jukwaa ndilo lililoipeleka. Kama kodi hiyo ilifika mikononi mwako, basi ni deni lako kwa serikali, na inakaa kwenye akaunti ya deni mpaka uilipe.

---

Kaunta7

Asante mkuu, ila nina ubishi kidogo. Tofauti ya mwisho ni lile zuio tu. Mtu akiandika 594,200 bila kudai kamisheni wala ada, faida yake karibu inalingana na ya aliyeandika 888,000 akatoa 243,800. Kuna haja gani ya kujichosha?

---

Mkokotozi

Haja ipo, ndugu, kwa sababu mamlaka ya kodi haisomi taarifa yako ya benki kwanza. Inasoma taarifa ya jukwaa.

Marekani, fomu 1099-K, ambayo jukwaa hutumia kuripoti malipo ya muuzaji kwa mamlaka, ina kisanduku 1a, na kilichomo ni jumla ghafi: haijatolewa ada, haijatolewa marejesho, haijatolewa usafirishaji. Aliyeandika pesa ya benki anaonekana kwenye kompyuta yao kama aliyeficha sehemu kubwa ya mauzo, hata kama faida yake ni sahihi hadi senti ya mwisho. Umoja wa Ulaya, chini ya kanuni iitwayo DAC7 iliyoanza Januari 1, 2023, jukwaa linapeleka kwa kila robo mwaka malipo ya muuzaji, idadi ya mauzo, na kando yake ada na kamisheni lililozuia. Yaani ghafi inapatikana kwa kujumlisha tu. Uingereza ilianza utaratibu wa aina hiyo Januari 1, 2024.

Sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kwamba mistari mingi ya sheria inapimwa kwa mauzo ghafi, siyo kwa faida. Kizingiti cha kujisajili kwa kodi ya ongezeko la thamani Uingereza ni mauzo ya pauni 90,000 ndani ya miezi 12. Msamaha wao wa biashara ndogo ni pauni 1,000 za mapato ghafi. Kenya wana kodi ya mauzo ghafi ya asilimia 3, na pale kamisheni haitolewi kabisa. Muuzaji anayehesabu kwa pesa iliyofika benki anaweza kuvuka mstari miezi kadhaa bila kujua, na kodi ya ongezeko la thamani ambayo hakuwatoza wateja itatoka mfukoni mwake.

---

BintiAnkara

Naongezea hapo kwenye kuripotiwa, maana wengi wanachanganya. Kizingiti cha jukwaa kukuripoti siyo kizingiti cha wewe kudaiwa kodi. DAC7 inamwacha muuzaji wa bidhaa mwenye mauzo yasiyofika 30 kwa mwaka na jumla isiyozidi yuro 2,000. Marekani kizingiti kimeyumba sana: sheria ya 2021 ilikishusha hadi dola 600, utekelezaji ukaahirishwa mara kadhaa, kisha sheria ya Julai 2025 ikakirudisha kwenye zaidi ya dola 20,000 pamoja na miamala zaidi ya 200. Baadhi ya majimbo yana viwango vya chini kuliko hivyo.

Muda wote huo mapato ya biashara yalidaiwa kodi vilevile. Fomu isipofika, wajibu haujafutika. Kilichokosekana ni nakala ya mamlaka tu.

---

Duka_la_Kona

Wakuu, naomba kuuliza. Mtu aliyeuza vitu vyake vya nyumbani vilivyotumika, mfano kochi, simu ya zamani na baiskeli ya mtoto, naye anaripoti?

---

BintiAnkara

Dada, tenganisha makundi mawili. Kitu ulichonunua kwa matumizi yako, ukakitumia, kisha ukakiuza kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia, hakina faida, na kwa kawaida hakina kodi. Lakini hasara yake pia huwezi kuidai. Simu iliyonunuliwa 300,000 na kuuzwa 120,000 haikupi punguzo la 180,000 kwenye kodi ya mshahara.

Kitu kilichopanda thamani ni habari nyingine. Vito, michoro, sarafu za zamani na saa za thamani zinaweza kuwa na faida inayotozwa kodi hata ukiuza kimoja tu. Kila nchi ina viwango na misamaha yake hapo.

Ukinunua ili uuze, hiyo ni biashara kuanzia kitu cha kwanza, hata kama ni nguo za mtumba na hata kama unafanya jioni baada ya kazi. Mkaguzi huangalia marudio, kama vitu vinafanana (jozi 40 za viatu vya saizi tofauti hakuna anayeamini vilikuwa vyako), na muda kati ya kununua na kuuza.

Usichanganye makundi haya kwenye akaunti moja ya jukwaa ikiwezekana. Yakichanganyika, weka orodha ya vitu vya nyumbani pembeni: kitu, mwaka ulionunua, bei ya kununulia, bei ya kuuzia, namba ya oda. Risiti ya kochi la miaka sita huenda hunayo, lakini picha, barua pepe ya manunuzi au taarifa ya benki ya siku ile inasaidia. Vitu hivyo vikiwa ndani ya fomu ya jukwaa, usivinyamazie. Vionyeshe na uvitoe waziwazi ili jumla yako ikutane na jumla waliyonayo.

---

MamaStoku

Mmezungumza vizuri kuhusu ada, lakini pesa kubwa hupotea kwenye mzigo. Kosa la kwanza: kuandika manunuzi yote ya mwaka kama gharama. Mzigo uliobaki kwenye rafu tarehe ya kufunga mwaka siyo gharama bado, ni mali. Kwa kawaida hesabu huenda hivi: mzigo wa mwanzo wa mwaka, jumlisha manunuzi, toa mzigo wa mwisho wa mwaka. Kinachobaki ndiyo gharama ya bidhaa zilizouzwa. Zipo nchi zinazoruhusu biashara ndogo njia nyepesi zaidi, ila chagua njia moja na ubaki nayo.

Kosa la pili ni kusahau kwamba gharama ya kipande kimoja haiishii kwenye bei ya kiwandani. Vipande 400 kwa 1,500 ni 600,000. Usafiri wa kuingiza 60,000, ushuru wa forodha 40,000. Jumla 700,000, kila kipande kimesimama kwa 1,750. Mwisho wa mwaka vimeuzwa 310, vimevunjika 6, vipo 84. Gharama ya vilivyouzwa ni 542,500. Vilivyovunjika 10,500, piga picha na uandike tarehe, usivitupe kimyakimya. Mzigo wa mwisho ni 147,000, na huo ndio unaofungua mwaka unaofuata. Jumlisha tatu hizo, lazima urudi kwenye 700,000. Usiporudi, kuna kipande umekihesabu mara mbili, au kimeibwa, au umekitoa zawadi bila kuandika.

Kipande ulichochukua kwa matumizi ya nyumbani kitoe kwenye gharama. Hakikuuzwa.

Na hesabu ya mzigo ifanywe kwa mikono, siku yenyewe ya kufunga mwaka au karibu nayo sana, kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi. Idadi inayoonyeshwa na duka la mtandaoni siyo ushahidi. Inapungua oda inapoingia na mara nyingi hairudi mzigo unaporejeshwa.

---

Kaunta7

Nimeelewa, nimefuta ubishi wangu. Swali la tarehe sasa. Oda ya Desemba 30 inayolipwa na jukwaa Januari 4, inaingia mwaka gani? Na ile iliyouzwa Desemba ikarudishwa Januari?

---

Mkokotozi

Inategemea msingi wa hesabu uliouchagua. Anayehesabu mauzo yanapofanyika anaiandika Desemba. Anayehesabu fedha inapopokelewa anaweza kuiandika Januari, ila kuna mtego: pesa iliyokwisha kuwa huru kwenye pochi ya jukwaa, ambayo ungebonyeza tu ikaja, nchi nyingi huihesabu kuwa umeipokea. Kuiacha humo hakuahirishi kodi. Zuio la kweli, ambalo huwezi kulifungua mwenyewe, ni jambo tofauti kwa mtu wa msingi wa fedha. Kwa mtu wa msingi wa mauzo halibadilishi kitu.

Kumbuka pia kwamba 1099-K inafuata tarehe ya muamala, siyo tarehe pesa ilipotumwa benki. Anayetumia msingi wa fedha atakuwa na tofauti mwanzo na mwisho wa kila mwaka. Tofauti hiyo ni halali, ila iandikwe kwenye karatasi moja kabla hujaulizwa.

Marejesho ya Januari huandikwa Januari, kama punguzo la mauzo ya mwaka mpya. Bidhaa ikirudi nzima, irudishe kwenye mzigo na upunguze gharama yake. Wengi wanatoa marejesho kwenye mapato na kusahau kwamba kipande kipo rafuni tena. Hapo wamedai gharama ya kitu ambacho watakiuza mara ya pili.

---

Mizania

Kwa upande wa utendaji: ichukulie pochi ya jukwaa kama akaunti ya benki kwenye leja yako. Kila mwezi pima hivi: salio la mwanzo la pochi, jumlisha walicholipa wateja, toa makato yote, toa pesa iliyotumwa benki. Jibu lazima liwe salio la mwisho la pochi, hadi senti. Likikataa, usisonge mbele. Tofauti ya mwezi mmoja hupatikana ndani ya dakika kumi. Ya miezi kumi na miwili inakula wiki nzima.

Vyanzo vya tofauti vinajirudia sana. Faili ya CSV (jedwali la miamala unalopakua kwenye jukwaa) ya mwezi mmoja imebandikwa mara mbili. Safu ya marejesho ina alama ya kutoa kwenye ripoti moja na haina kwenye nyingine, hivyo marejesho yanajumlishwa badala ya kutolewa. Tarehe imesomwa mwezi kwanza badala ya siku, na mauzo ya 03/04 yakahamia mwezi mwingine. Ripoti inatumia saa za nchi nyingine, na oda ya usiku wa Desemba 31 ikaangukia mwaka mpya. Kingine ambacho hakionekani kwa macho: namba ndefu ya oda ikifunguliwa kwenye Excel moja kwa moja, tarakimu zinazozidi 15 hugeuzwa sifuri, na oda mbili tofauti zinakuwa na namba moja. Ingiza safu hiyo kama maandishi kabla ya kufungua faili.

Pakueni ripoti ya miamala kila mwezi, siyo muhtasari tu. Majukwaa hayatunzi ripoti za kina milele, na akaunti ikifungwa unaweza kupoteza zote siku hiyohiyo.

---

Duka_la_Kona

Na mauzo ya fedha ya kigeni? Mteja analipa dola, benki inapokea shilingi kwa kiwango kibaya.

---

Mizania

Mauzo yabadilishe kwa kiwango cha siku ya muamala, au wastani wa mwezi kama mamlaka yako inauruhusu, na utaje chanzo kimoja cha viwango kwa mwaka mzima. Kilichopungua jukwaa lilipobadilisha kwa kiwango chake ni gharama ya ubadilishaji, andika kwenye mstari wake. Usibadilishe jumla ya mwaka mzima kwa kiwango cha siku unayojaza ritani.

---

BintiAnkara

Risiti nazo. Zile za karatasi ya joto, zinazotoka kwenye mashine ndogo ya kaunta, hufifia. Iache juu ya dashibodi ya gari wiki chache tu, inageuka karatasi nyeupe. Piga picha siku hiyohiyo, na jina la faili liseme kitu, kwa mfano 2025-03-14_vifungashio_36000. Muda wa kutunza hutofautiana: Uingereza mwenye biashara binafsi anatunza angalau miaka 5 baada ya Januari 31 ya kuwasilisha, Marekani kanuni ya kawaida ni miaka 3, inafika 6 kwa aliyeacha kuripoti zaidi ya asilimia 25 ya mapato ghafi.

Gharama za mchanganyiko zigawe kwa kipimo, siyo kwa hisia. Chumba cha mita za mraba 9 kinachotumika kwa mzigo peke yake, ndani ya nyumba ya mita za mraba 90, ni asilimia 10 ya gharama za nyumba zinazokubalika. Simu na intaneti: pima wiki kadhaa za kawaida, andika namna ulivyopima. Intaneti yote ya familia ikidaiwa asilimia 100, mkaguzi anaanza kutilia shaka hata yale yaliyo sahihi.

Na kwa Uingereza, anayechukua ule msamaha wa pauni 1,000 hawezi kudai gharama juu yake. Ni kimoja au kingine. Mwenye kamisheni na mzigo mkubwa mara nyingi anapata nafuu kwa kudai gharama halisi, kwa hiyo pigeni hesabu zote mbili kabla ya kuchagua.

---

Kaunta7

La mwisho kutoka kwangu. Barua imekwisha kufika, inasema jumla ya jukwaa ni kubwa kuliko mauzo yaliyo kwenye ritani. Mtu anajibu vipi?

---

Mkokotozi

Kwanza angalia tarehe ya mwisho ya kujibu. Ihesabu kuanzia tarehe iliyochapishwa kwenye barua, siyo siku uliyoifungua. Kama muda hautoshi, omba nyongeza kwa maandishi kabla haujaisha.

Kisha andaa ukurasa mmoja wa upatanisho. Juu kabisa iwe namba yao, ileile iliyo kwenye barua, hata kama unaona imekosewa. Chini yake shuka mstari kwa mstari: kodi iliyokusanywa na jukwaa, marejesho, vitu vya nyumbani, tofauti ya tarehe za mwanzo na mwisho wa mwaka. Mstari wa mwisho uwe namba iliyo kwenye ritani yako. Kila mstari upewe herufi, na kiambatisho chenye herufi hiyohiyo. Usipeleke faili ya miamala 6,000 bila ukurasa huo, maana hakuna atakayekutafutia jibu ndani yake.

Kama uliandika pesa ya benki badala ya ghafi, sema hivyo waziwazi na uonyeshe kamisheni na ada ambazo hukuzidai popote pengine kwenye ritani. Hakikisha kweli hukuzidai. Muuzaji aliyeandika pesa ya benki na bado akatoa kamisheni kwenye gharama amezitoa mara mbili, na hapo anadaiwa kweli: sahihisha, lipa tofauti pamoja na riba, usibishane.

Ukigundua kosa kabla barua haijafika, wasilisha ritani ya marekebisho mwenyewe. Adhabu kwa anayejitokeza kwa kawaida ni ndogo kuliko kwa anayekutwa. Na ukirekebisha mwaka mmoja, fungua na ule unaoufuata, kwa sababu mzigo wa mwisho uliobadilika ndio mzigo wa mwanzo wa mwaka huo.

---

MamaStoku

Kwenye hilo la mwisho, Kaunta7: kama karatasi ya kuhesabu mzigo haipo, usiibuni leo na kuipa tarehe ya nyuma. Rudi kinyumenyume. Hesabu mzigo ulio nao sasa, ongeza vilivyouzwa tangu siku ya kufunga mwaka, toa vilivyonunuliwa tangu siku hiyo, kisha toa vilivyorudishwa na wateja na uongeze vilivyovunjika. Andika juu yake kwamba ni makadirio, tarehe uliyoyafanya, na ankara ulizotumia.